Kabati la Hondohondo

Usiku wa dhoruba binti yangu aliondoka nyumbani na msumeno, kamba na tochi, akaniachia chai yake mezani bila kuigusa. Aliyekuja kumwita ni mlinzi wa hospitali. Alisimama mlangoni, maji yakimchuruzika kwenye ukingo wa kofia, akasema mti mkongwe ulio nyuma ya chumba cha kufulia umeanguka, na hondohondo jike amejifungia ndani yake. Anasikika akigonga.

"Sasa unamwita mwanangu akafanye nini?" nikamuuliza. "Yeye ni daktari wa miti?"

"Mama, mimi nina rungu na filimbi. Yeye ana msumeno."

Binti yangu Randa alikuwa ameshavaa buti. Nikasema naenda naye. Akanitazama jinsi mtu anavyomtazama mtoto anayetaka kubeba ndoo kubwa. "Mama, ukija nitakuwa na wawili wa kuokoa." Akavuta mlango, akaenda zake.

Nilikaa. Baba yake ni dereva wa malori na usiku ule alikuwa safarini, kwa hiyo sikuwa na wa kunung'unikia. Nikaosha vyombo vilivyokuwa safi. Kila tawi lililolia nje nililisikia kichwani mwangu. Niliwaza nyaya za umeme zilizolala kwenye maji. Niliwaza shina linalobiringika. Wanaosema uchungu wa mwana aujuaye mzazi huwa wanazungumzia siku ya kujifungua. Hakuna aliyeniambia kwamba uchungu huo unaendelea hata mtoto akiwa na misuli zaidi yako.

Kulipopambazuka mlinzi alirudi. Mtu yule ana akili, alianza na lililokuwa muhimu kwangu kabla hata hajanisalimu.

"Binti yako mzima."

Nikashika kizingiti. "Na ndege?"

"Jike mzima. Ametambaa mwenyewe mpaka kwenye tawi, na mume wake amemfuata. Lakini kinda hakupona."

Randa aliingia baadaye, mikono imekwaruzwa mpaka kwenye viwiko. Akaweka mezani kipande cha udongo mkavu, kipana kama kiganja na kinene kama slesi ya mkate. Nikataka kukifagia pamoja na matope ya buti zake.

"Usikitupe, mama. Ndiyo mlango wao."

Ni lazima nieleze, maana wapo wasiomjua hondohondo. Ni ndege mkubwa, mweusi, mwenye weupe tumboni na mgongoni karibu na mkia. Mdomo wake ni mrefu na umepinda, na juu ya mdomo huo dume amebeba kama mdomo wa pili, pembe nene ya rangi ya maziwa. Ya jike ni ndogo. Akiruka, mbawa zake zinavuma kama shuka nzito iliyolowa inavyokung'utwa na wanawake wawili. Mimi ni dobi wa hospitali, nazijua shuka.

Jambo la ajabu ni uzazi wao. Siku za kutaga zikifika, jike anaingia kwenye shimo la mti, na yeye na mumewe wanaziba mdomo wa shimo kwa udongo. Dume anauleta, jike anaukandika kutoka ndani, mpaka unabaki ufa mwembamba wa kupitisha ncha ya mdomo tu. Hapo nyoka haingii, tumbili haingii. Jike anaatamia humo, analea humo. Dume ndiye anayelisha. Anakuja koo limejaa matunda, anayakohoa moja baada ya jingine na kuyapitisha kwenye ufa. Kinda akikomaa ndipo ukuta unavunjwa. Wanawake wenzangu wa kufulia walikuwa wakimwangalia dume yule kila siku kupitia dirishani, na mmoja wetu, mwenye ulimi, alizoea kusema: "Kama ni mume wa kuleta bila kukosa, basi hata mimi nijengeeni ukuta."

Basi ndiyo familia iliyovunjikiwa nyumba usiku ule.

Sasa huyu Randa. Jina hilo hakupewa na mimi. Alipokuwa msichana nilikuwa namtuma kumpelekea kaka yangu chakula cha mchana kwenye karakana yake ya useremala, mkabala na lango la hospitali. Akawa harudi. Namkuta anafagia maranda, anauliza maswali mpaka kaka yangu anashika kichwa. Siku moja, ili apate utulivu, akampa randa na kipande cha ubao. "Lainisha huo, ukimaliza uniite." Hakumwita. Alisukuma randa ile mpaka ubao ukabaki mwembamba kama biskuti, na bado alikuwa akipitisha kiganja na kusema kuna mahali panakwaruza. Tangu siku hiyo hata mimi niliyemzaa namwita Randa.

Amekuwa fundi wa makabati na vitanda, na nasema bila haya kwamba hakuna kabati la Randa linalogonga likifungwa. Mlango unakwenda wenyewe, unatulia. Mteja akija anamwambia afumbe macho na kupitisha mkono ndani, kule nyuma kabisa ambako mafundi wengine huacha miba. Mwanzoni wateja walikuwa wakimpita.

"Fundi yuko wapi?" mmoja aliuliza nikiwepo.

"Ndiye huyu," akasema kaka yangu.

"Namuulizia fundi."

"Na mimi nimekujibu. Ukitaka mwenye ndevu, kinyozi yuko nyumba ya tatu."

Ndivyo alivyo kaka yangu, ambaye hapa nitamwita Mjomba kwa sababu mtaa mzima unamwita hivyo. Mdomo wake hauna likizo.

Siku chache baada ya dhoruba, Randa aliketi karakanani na mwanamke tunayemwita Mama Darubini. Ni mtu mzima, mwalimu mstaafu. Darubini haimtoki shingoni, na anahesabu ndege kwa niaba ya chama cha wapenda ndege. Nilikuwa nimepeleka chakula, nikabaki kusikiliza.

"Hawa ndio waliobaki upande huu wa mji," alisema. "Zamani niliwahi kuwaona wengi juu ya paa la hospitali. Matunda bado yapo. Tatizo ni nyumba. Miti minene imekwisha, na miti michanga haina mashimo."

"Si wachimbe?" akauliza Mjomba.

"Kigogota ndiye mwenye patasi mdomoni. Hondohondo ni mpangaji, anakaa alipopakuta. Akikosa msimu huu na ujao, atahama. Na akihama hapa, sijui ataenda wapi."

Randa alikuwa akigeuza kile kipande cha udongo mkononi. "Nitawajengea," akasema.

Mjomba akacheka mpaka akakohoa. "Mjengee ndege kabati! Na droo za kuwekea manyoya?"

"Droo hapana. Mlango ndiyo."

"Na nani analipa?"

"Mjomba, usiku ule nilimtoa kinda kwa mikono yangu. Alikuwa bado na joto." Mjomba akanyamaza, jambo ambalo si la kila siku.

Alilijenga mwaka mzima, jioni baada ya kazi za watu. Kila ubao aliuchagua. Pembe zilikaa bila msumari hata mmoja, meno kwa meno. Akapiga msasa nje, akapiga msasa ndani, akapaka vanishi, ikakauka, akapaka tena. Mlango ulikuwa duara kamili kama ya sahani, na ukingo wake uling'aa. Mteja mmoja alilipenda akataka kulinunua la kuwekea viatu. Hata Mjomba alipitisha kiganja ndani yake, akasema, "Ndege huyu atatuletea ukoo wake wote waje kuagiza."

Msimamizi wa hospitali aliruhusu litundikwe kwenye mkuyu ulio mbele ya dirisha letu la kupigia pasi. Ni mti mkubwa wenye matunda mengi, lakini hauna shimo. Siku ya kulipandisha, Randa alipanda kwa kamba kiunoni na Mjomba akavuta kabati kwa kamba nyingine. Sikuweza kutazama, na sikuweza kutotazama. Nilimwangalia kwa jicho moja na kupiga pasi kwa jicho la pili, mpaka mwenzangu akapiga kelele. Nilikuwa nimeunguza shuka ya wodi ya wazazi, alama ya pasi imekaa katikati kama muhuri.

Ndege walikuja. Ah, walikuja! Dume alitua kwanza juu ya tangi la maji, akageuza kichwa upande mmoja, akageuza upande wa pili, ndipo akaruka mpaka kwenye kabati. Akachungulia. Akamwita mkewe kwa ile sauti yao inayofanana na mtoto anayelia na kucheka kwa pamoja. Tuliacha pasi zote. Jike akaja, akashika ukingo kwa kucha, na miguu ikateleza. Akashika tena, ikateleza tena. Alikuwa kama mtu aliyevaa soksi kwenye sakafu yenye maji. Aliingia, akatoka. Dume akaleta udongo, jike akaukandika ukingoni, udongo ukakaa kidogo halafu ukadondoka. Siku iliyofuata hivyo hivyo. Walijaribu siku nyingi, na chini ya mkuyu vijibonge vya udongo vikawa vimetapakaa kama punje za mtama. Kisha wakaanza kuja asubuhi tu. Kisha wakawa wanapita bila kutua.

Mjomba hakukosa neno. "Labda kodi ni kubwa."

Randa hakucheka. Aliacha kula vizuri, na mimi mtu asiyekula kwangu namwona kama mgonjwa. Nikamwambia, "Mwanangu, umefanya la kwako. Ndege hana shukrani."

"Hapana, mama. Mteja akikataa kitanda, tatizo ni kitanda."

Asubuhi iliyofuata hakwenda karakanani. Alikaa chini ya mkuyu kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaokota vijibonge na kuvigeuza. Vyote vilikuwa laini upande mmoja, laini kama kioo. Halafu akatoa mfukoni kile kipande cha mlango wa zamani. Ukingo wake, pale uliposhikana na mti, ulikuwa na mikunjo na mashimo: alama ya gome, imebaki kwenye udongo kama alama ya kidole gumba.

Nilimwona kupitia dirishani akisimama ghafla, ndoo ikabiringika. Alikuja mbio mpaka kwenye meza yangu ya pasi.

"Mama! Nimewajengea kabati!"

"Si ndivyo ulivyosema tangu mwanzo?"

"Nimewajengea kabati, wao walitaka mti! Nimelainisha kila mahali. Udongo hauna pa kushika. Kucha hazina pa kushika!" Akajipiga kichwani kwa kiganja kilekile anachojivunia. "Msasa! Nani alinituma kupiga msasa ndani ya mti?"

Mama Darubini alipokuja aliipokea aibu hiyo nusu kwa nusu. "Nilipaswa kuliona kabla hujalipandisha," alisema. "Mimi nilikuwa naangalia upana na urefu tu. Na huo mlango wako wa duara ni mpana mno, wangetumia udongo wa kujengea nyumba ya mtu. Uwe mwembamba, mrefu, jike apite kwa shida. Harakisha. Msimu haujaisha, lakini haungoji."

Likashushwa siku hiyohiyo. Nilikuwepo karakanani Randa alipolilaza juu ya meza, akachukua tezo, akainua mkono. Mjomba akaruka kutoka kwenye kiti.

"Wewe! Unaharibu kazi!"

"Ndiyo, Mjomba."

"Kazi ya mwaka mzima! Hebu nipe hiyo tezo. Nitakutengenezea jingine baya, nina mbao mbaya tele."

"Hakuna muda. Hili lina ukubwa wao." Na tezo ikashuka.

Alilitoboa, alilikwangua, alilichanja ndani kama mtu anayegombana na ukuta. Vanishi iliruka kama magamba ya samaki. Mjomba aligeuka akatazama barabarani. Kila tezo ikipiga, bega lake linashtuka. Randa akaziba ile duara, akakata mlango mrefu mwembamba, na kandokando yake akafunga vipande vya gome vilivyotoka kwenye ule mti ulioanguka, upande wenye makovu ukitazama nje. Chini ndani akamwaga maranda na vipande vya mti uliooza. Alipomaliza lilikuwa jambo la aibu kabisa. Mtu aliyepita njiani aliuliza kama tunauza kuni.

Lilirudi juu ya mkuyu. Safari hii sikuunguza kitu, kwa sababu niliacha pasi imezimwa.

Dume alitua juu ya tangi, akageuza kichwa huku na huku, akaja. Jike akaja. Kucha zikashika. Nilimwona akikwea lile gome kama mtu anayepanda ngazi za kwao, akajibana kwenye mlango, akaminyana, akapotea ndani. Nikashika mkono wa mwenzangu mpaka akaniambia, "Dada, huo mkono nina kazi nao." Udongo wa kwanza ukapakwa. Tukangoja udondoke, nao haukudondoka. Wa pili ukashika juu ya wa kwanza. Siku kwa siku mlango ukapungua, ukawa kama mdomo wa mfuko, ukawa kama ufa, na mwisho ikabaki ncha ya mdomo tu ikitokeza na kurudi.

Randa alipoambiwa jike amejifungia ndani, alikuwa ameshika miguu ya kitanda cha mteja. Aliiweka chini, akatoka nje, akapiga kelele moja katikati ya barabara. Mwenye baiskeli alikaribia kuanguka.

Mngedhani hapo mama mtu nilipumzika. Sikuumbwa hivyo. Nilianza kuhesabu mizigo ya dume: je, amekuja? Je, amechelewa? Nilizijua nyendo zake kuliko ninavyomjua mume wangu, ambaye angalau hupiga simu. Na kwa sababu ya kutazama huko niliona jambo ambalo halikunipendeza. Jua la mchana lilipozunguka na kulipiga kabati ubavuni, ule mdomo ulitokeza kwenye ufa na kubaki wazi. Ulihema. Jioni ulirudi ndani. Kesho yake ulihema tena, mapema zaidi, na vipande vya udongo vikaanza kumeguka kwa ndani.

Nikavua aproni, nikavuka barabara.

"Randa, anasikia joto. Na nadhani anabomoa."

Mama Darubini alikuja na darubini yake, akatazama kwa muda mrefu. "Mama yako ameona sawa," akasema. "Shina la mti ni nene kama ukuta wa nyumba. Ubao ni ubao tu. Joto likimzidi atavunja na kutoka, na kilichomo ndani, yai au kinda, kitabaki peke yake."

"Basi tulishushe," nikasema.

"Tukiligusa hivyo atakimbia leo leo."

Mjomba akajikuna kidevu. Kisha akasema, taratibu, bila utani hata wa dawa, "Tulivalishe koti. Mbao za nje, ziache nafasi, nafasi tuijaze unga wa mbao. Matundu tunatoboa hapahapa chini, kule juu ni skrubu na bisibisi ya mkono. Nyundo isisikike."

Randa akamtazama. "Mjomba, hiyo ni kazi ya ndege, haina malipo."

"Kelele. Leta penseli."

Walifanya kazi usiku na mchana, na Mjomba alikuwa mkali kama patasi iliyonolewa. Koti likawa vipande, kila kimoja na alama yake, mikoba ya unga wa mbao imeshonwa na mimi kwa mashuka yaliyochakaa. Ikabaki shida moja: dume. Akimkuta mtu kwenye mlango wake anaweza kuhama. Lazima Randa apande dume akiwa mbali, na mtu aangalie njia.

"Mimi," nikasema.

"Mama, utaweza? Nitakuwa juu."

"Hutua kwenye tangi kwanza. Sijamwona hata siku moja akija bila kutua kwenye tangi. Nitashika mkia wa kamba yako. Nikivuta mara moja, ganda."

Dume alipoondoka asubuhi, Randa akapanda. Mjomba akawa anampandishia vipande. Nilisimama kwenye kivuli cha ukuta, kamba mkononi, macho kwenye tangi, shingo ikiniuma kwa hamu ya kumtazama mwanangu. Sikumtazama. Nilisikia tu bisibisi ikinong'ona. Ubavu wa kwanza. Mkoba wa unga. Ubavu wa pili. Ndani ya kabati hakuna sauti, na sikujua kama kimya hicho ni cha utulivu au cha hofu.

Kisha ule uvumi wa mbawa. Alikuwa amewahi. Akatua juu ya tangi, koo limejaa.

Nikavuta.

Randa akaganda, kifua kwenye shina, shavu kwenye gome, ubao wa mwisho umebanwa kati ya goti lake na mti. Dume akageuza kichwa upande mmoja. Akageuza upande wa pili. Mjomba alikuwa ameshika kamba kwa mikono yote miwili, mishipa ya shingo imemtoka, na midomo yake inasema kitu bila sauti. Sijui ilikuwa sala au tusi. Nikawaza: akiruka akaenda zake moja kwa moja, tumekwisha. Nikawaza: akimrukia usoni, mwanangu ameanguka. Hakuna lililobaki ambalo sikuliwaza.

Aliruka. Akatua juu ya kabati, kwenye lile koti jipya, mbali na uso wa Randa kwa urefu wa mkono tu. Nilimwona mwanangu akifumba macho. Ndege akazichunguza nywele zake zilizojaa unga wa mbao. Halafu, kama mtu aliyekuta fundi nyumbani na hana muda naye, akainama, akakohoa tunda la kwanza, akalipitisha kwenye ufa. Mdomo wa ndani ukapokea. La pili. La tatu likateleza, likampiga Randa begani. Akaendelea mpaka koo likaisha, akajikung'uta, akaondoka.

Randa alifunga skrubu za mwisho akilia na kucheka. Aliposhuka, Mjomba alimshika mabega mawili, akamtikisa, akashindwa kupata neno. Ilikuwa mara yake ya pili.

Mchana ule jua lilizunguka likapiga koti. Tulijipanga dirishani wote. Mdomo haukutokeza. Siku ya pili haukutokeza. Siku ya tatu tulisikia sauti mpya ndani ya kabati, nyembamba, ya kudai, na Mama Darubini akaishusha darubini yake akasema, "Kinda. Anadai chakula." Kisha akafuta miwani ambayo haikuwa na vumbi.

Dume alikonda msimu ule. Alikuja na koo limejaa hata siku za mvua kubwa, na wagonjwa wanaotembea wakazoea kuketi kwenye benchi chini ya mkuyu kumngoja. Muuguzi mmoja alisema kuna mzee wodini aliyekuwa anakataa dawa mpaka asikie hondohondo amekuja.

Asubuhi tuliyoingojea ilipofika, mimi ndiye niliyesikia kwanza. Sauti ya kugonga kutoka ndani, kavu, mfululizo. Kipande cha udongo kikaanguka, kikapasuka kwenye benchi. Sikumtuma mtu. Nilivuka barabara mwenyewe na aproni yangu, nikapiga kelele kwenye mlango wa karakana, "Wanavunja! Wanavunja!" Mteja alikuwa anapima kabati, aliachwa humo ndani na futi kamba yake.

Tukasimama wote chini: wafuaji, wauguzi, mlinzi na filimbi yake, wagonjwa waliojifunga blanketi. Ufa ukawa mdomo wa mfuko. Mdomo mkubwa wa jike ukatoka mzima, ukageuka pembeni, ukamega, ukamega. Kichwa. Shingo. Akajikamua nje, manyoya yamefubaa na mkia umepinda kwa kubanwa, akaruka kwa shida mpaka tawi la jirani, akanyoosha bawa moja halafu jingine. Watu wakataka kupiga makofi. Randa akainua mkono, wakanyamaza.

Maana hilo silo alilokuwa akilingojea. Jike alitoka mzima hata usiku wa dhoruba; ni kinda ambaye hakutoka hai.

Ndani hapakuwa na sauti. Dume alikuwa tawi la mbele na tunda jekundu kwenye ncha ya mdomo, halipeleki. Analionyesha tu na kuita. Randa alikuwa amenishika mkono, vidole vyake vigumu vimezama kwenye kiganja changu. "Toka," nilinong'ona. "Toka, mwanangu, hakuna wa kukudhuru." Mjomba akasema kwa sauti ya chini, "Atoke upesi, mimi nina moyo wa mzee."

Kikatokeza kidomo kifupi kisicho na pembe. Kikarudi. Dume akaita. Kikatokeza tena, na nyuma yake jicho la duara lililotutazama sote tulivyo, blanketi na aproni na maranda. Kinda akashika ukingo. Kucha zikauma gome. Akaegemea mbele, akasita, kipande cha mwisho cha ukuta kikamvunjikia miguuni, na hapo hakuwa na njia isipokuwa hewa.

Akaruka! Vibaya, upande upande, lakini aliruka, akapita juu ya vichwa vyetu na juu ya kamba za nguo, akalipata tawi alilokaa baba yake, akalikumbatia kwa mwili mzima. Vigelegele vikatoka udobini mpaka wodini. Mlinzi akapuliza filimbi hadi akaishiwa pumzi. Randa hakusikia lolote kati ya hayo. Alikuwa amesimama kichwa juu, machozi yanaingia masikioni, anautazama ule mlango uliokuwa wazi.